Mashine ya kukata nyasi: Mambo ya kupima kabla ya kununua Kitengela na Kajiado

Mvua za Machi zikianza kunyesha katika nyanda za Athi na Kapiti, ua uliokuwa mkavu na wa rangi ya vumbi hugeuka kijani kwa muda wa siku chache. Haupiti mwezi kabla nyasi hazijafunika njia ya kuingilia nyumbani. Hapo ndipo wenye nyumba wengi wa Kitengela, Isinya na Kajiado hukumbuka kwamba hawana chombo cha kuzikata, na aghalabu hununua mashine ya kwanza wanayoonyeshwa dukani. Mwezi Juni mvua hukoma, nyasi hunyauka, na mashine husukumwa stoo petroli ikiwa bado tangini. Mvua za vuli zikirejea, mashine haiwaki.

Hasara hiyo mara nyingi haitokani na ubovu wa mashine. Hutokana na mnunuzi kutazama nguvu ya injini kabla ya kutazama ua wake: ukubwa wake, udongo wake, aina ya nyasi, na idadi ya saa ambazo mashine itafanya kazi kwa mwaka mzima. Mambo hayo manne yakipimwa kwanza, nyumba nyingi zilizo kando ya Barabara ya Namanga zitagundua kwamba zinahitaji mashine ndogo kuliko ile iliyowekwa mbele ya duka. Baadhi hazihitaji mashine ya injini hata kidogo.

Suala hili lilikuwa geni katika eneo hilo miaka 30 iliyopita. Ardhi iliyo kati ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi na mji wa Kajiado ilikuwa malisho, na waliokata nyasi walikuwa ng'ombe, kondoo, nyumbu na pundamilia. Kuanzia mwaka 2000, wafugaji wa Kitengela waliokubali kuacha ardhi yao wazi bila uzio walilipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, ili wanyama wa mbugani waendelee kupita na kulisha. Hata hivyo, ujenzi uliendelea kwa kasi. Wakazi wa Kaunti ya Kajiado waliohesabiwa katika sensa ya 2009 walikuwa 687,312. Katika sensa ya 2019 walikuwa 1,117,840. Ploti zilipozungushiwa kuta, mifugo ikabaki nje na nyasi zikabaki ndani.

Ukubwa wa ua na hesabu ya saa

Ploti ya kawaida katika mitaa ya Kitengela ni ya futi 50 kwa 100. Hiyo ni sawa na mita za mraba 465 hivi, ambazo hukaribia thumuni ya ekari. Ukiondoa nyumba, mahali pa kuegesha gari, tangi la maji, kamba za kuanikia nguo na njia, eneo la nyasi linalobaki ni nadra kuzidi mita za mraba 250. Mara nyingi huwa chini ya hapo.

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida akisukuma mashine yenye upana wa sentimita 46 anaweza kumaliza eneo hilo kwa muda wa dakika 20, pamoja na kugeuza kwenye kona. Iwapo ua haumwagiliwi maji, nyasi hukua kwa nguvu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Chukua kwamba zitakatwa mara 25 kwa mwaka. Jumla ya kazi ya mashine itakuwa saa nane na dakika 20.

Saa nane kwa mwaka ni kazi ndogo mno kwa injini. Watengenezaji wengi wa injini ndogo za petroli hupendekeza oili ibadilishwe baada ya kila saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka; kwa mwenye ploti ya thumuni, mwaka ndio utakaotangulia kila mara. Kwa sababu hiyo, nyumba 10 zilizo katika uwanja mmoja wenye lango moja zinaweza kununua mashine moja bora kwa pamoja, zikamlipa mtunza bustani mmoja, na bado mashine ikapumzika siku nyingi za wiki. Sharti ni kwamba mtu mmoja awe na dhamana ya kuitunza. Mashine ya watu wote isiyo na mwenyewe hufa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Hesabu hubadilika kwa mwenye robo ekari au zaidi, kwa mfano kandokando ya Isinya ambako ploti ni kubwa. Kwa nusu ekari ya nyasi, mashine ya petroli yenye magurudumu yanayojiendesha hupunguza uchovu kwa kiasi kikubwa. Zile za kuketi juu yake na kuziendesha kama trekta ni za shule, hoteli, makanisa na viwanja vya gofu. Mwenye nyumba wa kawaida atatumia muda mwingi akizigeuza kuliko kukata.

Nyasi ipi, udongo upi

Nyasi inayopendwa zaidi katika bustani za Nairobi ni nyasi ya Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku ilisambazwa hadi Afrika Kusini, Australia na California, ambako sehemu nyingine huhesabiwa kuwa gugu sugu. Hutambaa juu na chini ya ardhi, hujishona yenyewe, na baada ya miaka michache huwa nene kama godoro. Ikifika hapo, mashine dhaifu huzimika katikati yake. Isitoshe, ni nyasi ya mahali penye mvua nyingi na baridi kiasi. Limuru inajiotea, Kitengela inahitaji kumwagiliwa.

Gharama ya kumwagilia inafaa ijulikane kabla ya gharama ya mashine. Kuipa nyasi milimita 25 za maji kwa wiki, kiasi ambacho wakulima wa bustani hukitaja mara nyingi, kwenye mita za mraba 250, ni kutumia lita 6,250. Lori la maji la lita 10,000 halimalizi wiki mbili. Katika mji ambao familia nyingi hununua maji ya visima kwa malori na kwa mikokoteni ya punda, bustani ya namna hiyo hushindana na jikoni.

Ukoka ni mvumilivu zaidi. Majani yake ni membamba, hustahimili jua na kukanyagwa, na ukinyauka wakati wa kiangazi huchipuka tena kutoka mizizini mvua inaporudi. Hukubali kukatwa chini na haudai injini kubwa. Kwa ua usio na maji ya ziada, ndio unaofaa. Nyasi ya Pemba, yenye majani mapana, inayopendeza chini ya miti katika bustani za Mombasa na Kilifi, ni ya pwani na haifai kuhamishiwa nyanda kavu. Mtu anaweza pia kubaki na nyasi za asili za mbugani, ambazo huota kwa mafungu na haziwezi kuwa zulia. Hizo hutosheka na fyekeo mara mbili au tatu kwa msimu.

Udongo nao una usemi wake. Sehemu kubwa ya Kitengela imekalia udongo mweusi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Baada ya mvua, magurudumu ya mashine nzito huzama na kuacha mitaro ambayo hukauka ikawa migumu kama matofali. Wakati wa kiangazi, gurudumu dogo hunasa kwenye nyufa. Mnunuzi wa eneo hilo atafute mashine nyepesi yenye magurudumu makubwa ya nyuma, na awe radhi kungoja siku mbili baada ya mvua kubwa kabla ya kuitoa nje. Kuelekea Kajiado na Namanga, ambako ardhi nyingi ni ya mawe na changarawe, magurudumu si tatizo. Tatizo ni kisu.

Kutoka fyekeo hadi petroli

Fyekeo lingali chombo kinachotumika zaidi kukata nyasi nchini Kenya, na hakuna sababu ya kulidharau. Halihitaji mafuta wala spea, hunolewa kwa tupa, na hukata nyasi ndefu ambazo mashine nyingi hushindwa nazo. Udhaifu wake ni kwamba haliachi usawa mmoja, na huuchosha mgongo. Kwa ua wa mita za mraba 100, mtunza bustani mwenye mkono uliozoea atamaliza kazi kabla ya jirani kumaliza kutafuta petroli.

Mashine ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini ndiyo iliyosahaulika zaidi, na kwa nyumba nyingi za thumuni pengine ndiyo inayofaa kuliko zote. Ina visu vitano au sita vilivyopindwa kuzunguka mhimili, ambavyo huibana nyasi dhidi ya kisu cha chini kisichosonga na kuikata kama makasi. Aliyeivumbua ni Edwin Beard Budding, fundi wa Gloucestershire nchini Uingereza, aliyepata hataza yake mwaka 1830. Wazo alilitoa kiwandani, alikoona mashine ya kunyoa vinyweleo vya vitambaa vya sufu. Haina kelele, haina moshi, na mkato wake ni safi kuliko wa aina nyingine yoyote. Lakini ina masharti makali: ardhi iwe sawa, pasiwe na mawe wala vijiti, na nyasi zisipite sentimita nane hivi. Anayesubiri wiki tano ndipo akate, asiinunue. Nyasi nene ya Kikuyu pia itamshinda msukumaji.

Mashine ya kisu cha kuzunguka ndiyo wengi huimaanisha wanapozungumzia mashine ya kukata nyasi. Kisu kimoja kilicholala chini ya bakuli la chuma au plastiki huzungushwa kwa kasi, kikavuta hewa na kuzisimamisha nyasi, kisha kuzipiga. Aina hii ilienea baada ya Mervyn Victor Richardson wa Sydney, Australia, kuunda Victa mwaka 1952; tangi la mafuta la mashine yake ya majaribio lilikuwa mkebe wa mapichi. Hukubali nyasi ndefu, ardhi isiyo sawa na uzembe kiasi. Kwa ua wa Kitengela wenye nyasi mchanganyiko na mabonde madogo, ndiyo chaguo la pili baada ya ile ya mkono, na ndiyo chaguo la kwanza kwa robo ekari.

Ipo pia ile inayoning'inizwa begani, yenye mkono mrefu na kamba ya nailoni au kisu mwishoni. Vijana wengi wanaokata nyasi za kando ya barabara hutumia hiyo. Inafaa pembeni mwa kuta, kwenye mitaro na mahali penye mawe, kwa kuwa kamba ikigonga jiwe hukatika yenyewe bila kuvunja kitu. Haifai kuwa mashine pekee ya bustani ya kutazamwa, kwa sababu mkono wa binadamu hauwezi kushikilia urefu mmoja wa mkato kwa nusu saa.

Nguvu ya kuiendesha

Petroli ingali inaongoza kwa sababu haitegemei waya. Mnunuzi ajue kwamba kuna injini za namna mbili. Zile ndogo za kubeba begani aghalabu huchanganya oili na petroli katika tangi moja. Iwapo kijitabu chake kinasema 50 kwa 1, kila lita ya petroli huongezwa mililita 20 za oili. Kikisema 25 kwa 1, mililita 40. Injini za mashine za magurudumu, kwa kawaida, zina mahali pake pa oili, na petroli huwekwa peke yake. Kuzichanganya hizo mbili ni kuua injini. Jambo jingine linalogharimu watu: mashine mpya nyingi za magurudumu hutoka kiwandani bila oili. Anayeivuta kamba nje ya duka bila kutazama kijiti cha kupimia anaweza kuiharibu kabla haijafika nyumbani.

Maduka hayataji mwinuko wa ardhi. Injini ya petroli isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kitengela na Kajiado ziko juu ya mita 1,500, hivyo injini iliyoandikwa nguvu za farasi tano huko itafanya kazi kana kwamba ni ya nne na robo. Namanga iko chini zaidi na hasara yake ni ndogo. Kwa ukoka hilo halidhuru. Kwa nyasi ya Kikuyu iliyokomaa, ni heri kuchukua injini ya ngazi moja juu. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi kila mara, fundi aangalie kabureta, kwani huenda imepangwa kwa ajili ya mahali pa chini na inamwaga petroli nyingi kuliko hewa.

Mashine ya umeme wa waya ni nafuu, nyepesi, na haina kabureta ya kuziba. Huufaa ua mdogo ambao hakuna kona iliyo mbali na soketi zaidi ya mita 30. Itumiwe pamoja na kifaa kinachokata umeme mara moja waya unapojeruhiwa, na kamwe isitumiwe nyasi zikiwa na umande. Waya ukatwe rangi inayoonekana. Waya wa kijani katika nyasi za kijani ni mtego.

Za betri zimeboreka sana katika miaka ya karibuni. Mnunuzi asidanganywe na volti pekee. Azidishe volti kwa ampea-saa: betri ya volti 40 na ampea-saa 4 ina wati-saa 160, na ndiyo namba ya kulinganisha na betri nyingine. Kwa ua wa thumuni nguvu hizo kwa kawaida hutosha kumaliza kazi mara moja. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa, hivyo swali la kwanza kwa muuzaji ni iwapo betri ya aina hiyo itapatikana Nairobi baada ya miaka minne. Ikihifadhiwa ndani ya stoo ya mabati inayochomwa na jua la Februari, itazeeka kabla ya wakati wake.

Swali la spea ni la kuuliza kwa mashine zote. Injini za majina yaliyozoeleka, kama Honda na Briggs & Stratton, huwa na mafundi wanaozifahamu. Mashine isiyo na jina, hata ikiwa nusu ya bei, inaweza kulala mwaka mzima kwa kukosa kamba ya kuwashia.

Mtumba si vibaya

Mashine nyingi zilizotumika huingia nchini kutoka ng'ambo, na baadhi ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Mnunuzi aitake iwashwe ikiwa baridi. Iliyokwisha kupashwa moto kabla hajafika inaficha mengi. Moshi wa samawati usiokoma ni oili inayoungua, dalili ya injini iliyochakaa. Moshi mweusi ni petroli kupita kiasi, na mara nyingi hutibika. Kisha izimwe, waya wa plagi uchomolewe, ilazwe kwa upande ambao kabureta na chujio la hewa vitabaki juu, na kamba ivutwe polepole huku mtu akitazama bolti ya katikati ya kisu. Bolti ikichora duara badala ya kuzunguka mahali pamoja, mhimili umepindika kwa kugonga jiwe au kisiki. Hakuna bei itakayoifanya mashine hiyo kuwa rahisi.

Bakuli la chuma ligongwe kwa kidole pembeni. Kutu iliyotoboa haishikiki kwa rangi.

Mawe, misumari na waya

Kisu cha sentimita 46 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika husafirisha ncha yake mita 72 kwa sekunde, yaani kilomita 260 hivi kwa saa. Kokoto ikiguswa na ncha hiyo hutoka kama risasi. Hatari hii ni kubwa zaidi Kitengela kuliko katika mitaa mikongwe ya Nairobi, kwa kuwa nyumba nyingi ni mpya na udongo wa nje umefukia mabaki ya ujenzi: vipande vya nondo, misumari, kokoto, na hasa waya wa kufungia nondo, ambao hujizungusha kwenye kisu au kuruka ukiwa umenyooka. Kabla ya kukata mara ya kwanza, ua wote utembelewe kwa miguu na reki, na baada ya mvua kubwa urudiwe tena, kwa maana udongo mweusi hutapika ulichomeza.

Mtunza bustani avae viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu na miwani. Ndara, ambazo ndizo huvaliwa mara nyingi, hazina nafasi hapa. Ni wajibu wa mwenye nyumba kuvinunua vifaa hivyo pamoja na mashine, wala si wa kibarua. Watoto wakae ndani. Plagi ichomolewe kila mara mkono unapoingia chini ya bakuli, hata injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa kuzungusha kisu kwa mkono kunaweza kuiwasha. Masikio nayo yakingwe: mashine nyingi za petroli hupiga kelele inayofika desibeli 90 au zaidi. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa Kenya mwaka 2009 huyalinda maeneo ya makazi, na jirani aliyerudi kutoka zamu ya usiku katika viwanda vya Athi River ana haki ya kulalamika.

Kuacha kukata nako si salama. Nyasi ndefu karibu na kuta hukaribisha panya, na panya huwaita bafe na swila, nyoka ambao si wageni Kajiado. Kupe pia hupanda juu ya majani marefu wakimngoja mbwa au mtu apite. Mita mbili za kuizunguka nyumba zikatwe fupi mwaka mzima, hata kama sehemu nyingine imeachwa.

Urefu wa mkato

Kiungo muhimu kuliko injini ni kile kijiti cha kupandisha na kushusha mashine, na mashine isiyokuwa nacho haifai kununuliwa kwa eneo kavu. Kanuni ya wakulima wa bustani ni kutoondoa zaidi ya thuluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mkato mmoja. Nyasi ya sentimita sita ibaki nne. Mvua zinapokaribia kuisha, mashine ipandishwe, kwa kuwa nyasi ndefu hukipa udongo kivuli na mizizi yake huenda chini zaidi. Wengi hufanya kinyume: hukata hadi ardhini mwezi Mei ili wapumzike hadi Oktoba, kisha hushangaa kuona mabaka ya vumbi.

Kisu butu hakikati bali huchana. Ncha za nyasi zikigeuka nyeupe siku moja baada ya kukatwa, kisu kinolewe. Baada ya kunolewa kining'inizwe kwenye msumari kwa tundu lake la kati. Upande unaoshuka ndio mzito, upunguzwe kwa tupa mpaka kisu kilale sawa. Kisichokuwa sawa hutikisa mashine yote na kula beringi.

Na msimu unapokwisha, petroli imwagwe kutoka tangini au mashine iachwe iwake hadi izimike yenyewe. Petroli iliyokaa miezi minne huacha utando katika vijitundu vya kabureta, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kukataa kuwaka mwezi Oktoba au Novemba.

Nyasi zilizokatwa ziende wapi

Zikiwa fupi, ziachwe zilipoanguka. Huoza haraka na kurudisha ardhini hadi robo ya naitrojeni ambayo nyasi huhitaji, tena huhifadhi unyevu. Zikiwa ndefu zikusanywe, maana zitaunguza zilizo chini.

Katika Kajiado, hata hivyo, nyasi ina wateja wengine. Kwa Wamaasai, nyasi iliyoshikwa mkononi ni ishara ya amani, na katika miaka ya ukame huwa mali ya kusafiriwa. Mwaka 2009, na tena baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, mifugo ilikufa kwa wingi katika kaunti hiyo. Wafugaji wa Kajiado wamezoea, miaka ya aina hiyo, kuswaga ng'ombe hadi mitaa ya Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara. Mwenye ua mkubwa anayemruhusu jirani kufyeka na kubeba, au kuingiza kondoo wachache kwa siku moja, huokoa petroli yake na kumsaidia mwenzake. Hata Ikulu ya Marekani ilifanya hivyo mwaka 1918, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Rais Woodrow Wilson alipofuga kondoo kwenye bustani yake; manyoya yao yalipigwa mnada kwa manufaa ya Msalaba Mwekundu. Kondoo hawachagui lakini, na maua yazungushiwe uzio kwanza.

Wanaotoa nyasi kwa mifugo wazingatie namna zilivyokatwa. Zilizofyekwa ndefu na kupewa ng'ombe siku hiyo hiyo hazina neno, mradi ua haukupuliziwa dawa ya magugu. Zilizopita katika mashine ni jambo jingine. Zimesagwa, hupata joto na kuchacha ndani ya saa chache zikirundikwa, na huenda zimedondokewa na oili. Farasi na punda ndio huathirika zaidi, kwani humeza rundo hilo bila kulitafuna vya kutosha na huweza kupata msokoto wa tumbo unaoua. Gunia la nyasi za mashine lisiachwe nje ya lango ambako punda wa mikokoteni ya maji husimama asubuhi.